Breka ya Tano

Bibi Tusekile ananipokea akiwa ndani ya koti la marehemu.
Mvua ya Mei imeninyea tangu stendi ya Tukuyu,
mfuko wa bisibisi umekuwa mzito kama mbuzi aliyelowa.
"Mwanangu, hii breka ina kiburi.
Nikibandika birika tu, pwa! inaanguka.
Lusajo katuma hela toka Mbeya,
kasema weka kubwa, ya thelathini na mbili,
isiyosumbua watu."

Nafungua boksi juu ya mlango wa jikoni.
Mjusi, mkavu kama jani la chai lililosahaulika kwenye chujio.
Kutu.
Harufu ya plastiki iliyowahi kupata moto, ikanyamaza.
Breka tatu zimesimama kwenye reli,
ya nne imeinamisha kichwa.

Fundi Ambakisye aliyenifunza kazi
alikuwa na maneno machache na vidole tisa:
zima mein, kisha usiiamini.
Tesita iguse kwanza penye umeme, ujue yenyewe ni nzima,
ndipo iguse pale unapotaka kutia mkono.

Nimezima. Nimepima. Kimya.
Bibi ananimulikia kwa simu, mwanga unatetemeka,
kwa baridi au kwa jambo jingine, sijui.

"Kubwa haiwezekani," namwambia.
"Breka inalinda waya.
Waya huu wa mbili na nusu ukiutwisha thelathini na mbili
utabeba, tena bila kulalamika, humo humo ukutani,
hadi siku dari litakapotoa moshi nanyi mmelala.
Huyu anayekata anakuonya."
"Kama mama mkwe," anasema. Hacheki.

Nalegeza skrubu ya nne.
Nyaya mbili zimebanwa tundu moja.
Mmoja naufahamu, unakwenda soketi za jikoni.
Wa pili mwembamba, wa kuungaungwa,
unapenya chini ya bati,
unapita juu ya migomba,
unaingia dirisha la nyumba ya pili
lenye kanga badala ya pazia.

Nageuka. Simu imezimwa taa.
"Bibi, huu unaujua?"
Bati linajibu kwanza.
"Naujua. Nilimwomba kijana auweke usiku.
Luku ya Sekela inasoma sifuri
tangu mumewe aende Chunya kutafuta dhahabu.
Mtoto kazaliwa wa miezi saba.
Makandana wamesema apate joto,
na joto atalipata wapi, kwa ukungu huu?
Pale kuna hita ndogo, ya kuazima.
Lusajo asijue. Ndiye anayeninunulia luku,
anahesabu kila yuniti.
Nikichemsha chai yangu huku,
yule kule anapoa.
Nimeacha chai."

Sheria naijua. Nina cheti chake, kiko kwenye fremu nyumbani.
Nachukua koleo,
naukata ule mwembamba,
naukata tena, na viungo vyake vya nailoni,
naukunja, nautia mfukoni.
Bibi ameshika fremu ya mlango.

Kisha navuta mwingine, mnene, na ethi yake,
ndani ya bomba, juu ya migomba inayodondosha maji.
Ya nne naing'oa, imechoka; naweka mpya, ishirini ileile.
Pembeni yake ya tano, ya kumi na sita,
kwa ajili ya ng'ambo peke yake.
Nakaza. Navuta kila waya kwa nguvu:
usiovutwa haujafungwa.

Mein.
Taa ya jikoni inapepesa, inatulia.
Ng'ambo, nyuma ya kanga,
kitu chekundu kinaanza kuiva polepole.

Kwenye kifuniko kuna mwandiko wa marehemu:
SEBULE. VYUMBA. NJE. JIKO.
"Ya tano andika unavyoona," anasema, ananipa kalamu.
Namfikiria Lusajo na hesabu zake.
Naandika KUKU.
"Lakini mimi sina kuku."
"Basi tafuta, Bibi. Hata mmoja."

Anabandika birika.
Tunasimama wawili, macho juu mlangoni,
hakuna anayeitazama chai.
Maji yanaanza kuimba.
Zote tano zimesimama.